Tham Luang 2018: Kibao Kilisema Julai

Baiskeli ndizo zilizotoa habari. Jioni ya Jumamosi, Juni 23, 2018, zilikutwa zimeegeshwa kwenye mdomo wa pango la Tham Luang, wilaya ya Mae Sai, mkoa wa Chiang Rai, kaskazini kabisa mwa Thailand karibu na mpaka wa Myanmar. Wenyewe hawakuwapo. Wavulana 12 wa timu ya mpira wa miguu ya Moo Pa, yaani Nguruwe Pori, wa umri wa miaka 11 hadi 16, walikuwa wameingia ndani na kocha wao msaidizi, kijana wa miaka 25. Walitoka mazoezini, wakapanda baiskeli, wakaja kutembea. Mpango ulikuwa wakae muda wa saa moja hivi, kisha kila mtu arudi kwao.

Yaliyobaki wameyasikia wengi: siku 18 ndani ya mlima, wapiga mbizi kutoka kila upande wa dunia, wavulana wote wametoka hai. Kisa hiki husimuliwa kuanzia pale wapiga mbizi walipofika, na mwanzo wake hupewa sentensi moja: waliingia pangoni, mvua ikanyesha, wakakwama. Mimi naona uzito uko kwenye sentensi hiyo, maana hapo ndipo sisi wenye kupenda kutembea na marafiki tunapofanana nao. Hakuna atakayeniita nikapige mbizi Tham Luang. Ila kuingia pangoni kwa saa moja msimu wa mvua, na wenzangu wanacheka nyuma yangu, ningeingia.

Tuanze na kibao. Nje ya pango lile palikuwa na kibao kinachoonya kwamba pango hufurika kuanzia Julai hadi Novemba. Hesabu mwenyewe: kutoka Juni 23 hadi Julai 1 ni siku nane. Kwa mtu anayesoma kibao kama tunavyosoma vibao vyote, bado palikuwa na nafasi ya wiki nzima. Tena baadhi yao walikuwa wameshaingia pango hilo mara kadhaa na kutoka salama. Kwa hiyo wanaosema vijana wale walidharau onyo wanawaonea kidogo. Onyo lilikuwa na tarehe, na wao walikuwa nje ya tarehe.

Tatizo la kibao chenye mwezi ni kwamba watu hukisoma kama saa za kufungua na kufunga duka. Julai ni wastani tu wa miaka mingi, na mlima haupokei wastani. Hupokea mvua ya mwaka ule. Mvua za Thailand kwa kawaida huanza kushika katikati ya Mei na kwenda hadi Oktoba. (Zinaletwa na mfumo uleule wa pepo ambao mabaharia wa huku wanauita kusi, ule uliosukuma majahazi kwenda Bara Hindi. Sisi tunaujua kwa tanga, wao wanaujua kwa mpunga.) Ina maana siku ile baiskeli zilipoegeshwa, mlima ulikuwa umeshanyweshwa zaidi ya mwezi mzima.

Hapa inabidi kueleza kidogo jinsi mlima wa aina hii unavyokunywa, kwa sababu kila kilichofuata kinatoka hapo. Tham Luang imo ndani ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi, yakawa na ukali kidogo kama wa soda, na ukali huo huyeyusha chokaa polepole mno. Kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu ya binadamu yeyote, ufa huwa mfereji, mfereji huwa handaki, handaki huwa pango la kilomita 10. Pango hilo ndilo bomba la maji la mlima. Huko juu kuna vijito vinavyotiririka vizuri kabisa, halafu vinatumbukia kwenye mashimo na kupotea. Havikupotea, vimeshuka pangoni.

Mwanzoni mwa msimu, udongo mkavu na nyufa tupu hupokea mvua nyingi kabla maji hayajaonekana chini. Pango linakaa kavu, na anayelitembelea anaona kwa macho yake kwamba mvua zimeanza na hakuna kitu. Huo ndio mtego. Siku nyufa zinaposhiba, mvua inayofuata haina pa kukaa; inashuka moja kwa moja, ikisukuma na ile iliyokuwa inasubiri mbele yake. Mvua inayonyesha huku umeingia na ile ya siku zilizotangulia zinakutana mbele ya miguu yako. Tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Ndani ya pango hakuna mawingu.

Kitu kinachonichoma zaidi katika kisa hiki ni jina lenyewe. Kwa ukamilifu wake pango linaitwa Tham Luang Khun Nam Nang Non: pango kuu la chimbuko la maji la bibi aliyelala. Bibi aliyelala ni mlima, ambao ukiutazama kwa mbali una umbo la mwanamke aliyejinyoosha chali. Hekaya ya huko inasema alikuwa binti mfalme aliyetoroka na mtunza farasi; mpenzi wake akauawa, naye akajichoma kisu, mwili wake ukawa mlima na damu yake ikawa maji yanayotoka pangoni. Waliolipa pango jina hilo hawakuwa na vipimo vya mvua, lakini walilitazama vizazi kwa vizazi wakaona kwamba shughuli yake ni kutoa maji. Jina halikutaja mwezi.

Sasa turudi ndani. Njiani kuna mahali panaitwa Sam Yaek, yaani njia panda ya njia tatu. Vijana walipita hapo wakaenda mbele zaidi. Walipogeuka kurudi, walikuta maji yamepaziba. Kwanza walidhani wamepotea njia. Kocha akawahakikishia kwamba njia ndiyo ileile, ila imejaa.

Alichofanya pale, kwa jinsi alivyokieleza baadaye mbele ya waandishi wa habari, ningependa kila anayeongoza marafiki msituni akijue kwa undani. Walikuwa na kamba. Alijifunga, akawapa wavulana watatu ncha ya upande wa pili, akawapa ishara: nikivuta mara mbili, nirudisheni. Akazama. Mbele alikutana na mchanga na mawe, hakuona pa kupenya. Akavuta. Wakamrudisha.

Basi. Hakuwaambia wamfuate, wala hakuwatuma wale wakubwa wajaribu mmojammoja. Baada ya mkasa ilivuma duniani kwamba watoto walikwama kwa kuwa hawajui kuogelea. Kocha alisahihisha: karibu wote walijua kuogelea, kwenda kuogelea baada ya mpira kulikuwa kawaida yao. Lakini kuogelea ni ujuzi wa maji yenye hewa juu yake. Pale paa la pango linaposhuka hadi kugusa maji, mwogeleaji hodari na asiyejua wana pumzi sawa: ile waliyoingia nayo. Maji yenyewe yalikuwa tope tupu. Kama timu ile ingeamua kwa ari ya kimichezo kwamba tunapenya wote, hadithi ingeishia Sam Yaek siku ileile, na pengine tusingejua hata namna ilivyoishia.

Wakageuka, wakarudi ndani zaidi. Ni vigumu kueleza jinsi uamuzi huo unavyopingana na kila kitu mwilini. Mlango uko kule, nyumbani ni kule, nawe unageuka kwenda mbali nao kwa sababu huko ndiko ardhi inakopanda. Walipita sehemu inayoitwa Pattaya Beach, jina la utani tu, na wakaishia kwenye mwinuko wa tope, takriban kilomita nne kutoka mlangoni.

Huko nje, bahati yao ilikuwa mwenzao mmoja. Alikuwa mazoezini, ila wazazi wake walimpitia, akaenda nyumbani. Simu za wazazi zilipoanza kumiminika kwa kocha mkuu, huyo kijana ndiye aliyejua kwamba wenzake wamekwenda pangoni. Utafutaji ukaanza usiku uleule. Ukitaka kujua thamani ya kumwachia mtu mmoja habari ya unakokwenda, fikiria utafutaji huo ungeanzia wapi bila yeye.

Kule ndani walikaa siku tisa kabla ya kuona mtu. Walikuwa wamekula kabla ya kuingia. Ndani hapakuwa na chakula. Walikunywa maji yaliyodondoka kutoka kwenye miamba, wakayaacha yale machafu ya mafuriko yaliyokuwa miguuni pao. Tochi walizitumia kwa ubahili. Kocha aliwahi kuwa mtawa wa Kibudha, akawafundisha kukaa kimya na kutafakari, jambo ambalo licha ya kutuliza roho hupunguza pia kula hewa. Na kwa zamu walichimba ukuta wa pango kwa mawe. Sidhani kama kuna aliyeamini kweli kwamba watatoboa mlima. Lakini kundi lenye zamu ya kazi ni kundi ambalo bado linahesabu siku.

Juu yao dunia nzima ilikuwa inafika. Wanamaji wa Thailand waliingia Juni 25, wakarudishwa nyuma na maji mara kwa mara. Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi jirani, ambaye alikuwa amelitembea pango hilo na kulipima kwa miaka, ndiye aliyesema waitwe wapiga mbizi wa mapangoni, kwa kuwa kupiga mbizi baharini na kupiga mbizi pangoni ni kazi mbili tofauti. Baharini ukipata shida unapanda juu. Pangoni juu ni jiwe.

Rick Stanton na John Volanthen, Waingereza wawili, waliwafikia usiku wa Julai 2. Walikuwa wakitandaza kamba ya mwongozo, na kila palipokuwa na hewa waliibuka kuinusa. Wenyewe wamesema waliwasikia kwa harufu kabla ya kuwaona. Wakawauliza mko wangapi, na mvulana mmoja aliyejua Kiingereza akajibu: 13. Wote.

Wengi walidhani hapo kisa kimekwisha. Waliokuwa kazini walijua ndiyo kwanza kinaanza. Njia zilizojadiliwa zilikuwa kama nne, na tatu zilijifunga zenyewe. Kuchimba kutoka juu: zilitobolewa sehemu zaidi ya 100 mlimani, na hakuna hata moja iliyowafikia. Kutafuta mlango mwingine: haukupatikana. Kungoja mvua ziishe: miezi mingi, wakilishwa na wapiga mbizi, huku kila safari ya chakula ikihatarisha roho. Njia ya nne ilikuwa kuwapitisha majini.

Kungoja ndiko kulikovutia, na naelewa kwa nini. Ni uamuzi usiokuwa na mtu wa kulaumiwa asubuhi yake. Hewa ndiyo iliyoukataa. Tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 21 hivi. Kwenye mwinuko ule ilipimwa ikakutwa imeshuka hadi asilimia 15, na utabiri ulionyesha mvua kubwa nyingine inakuja. Usiku wa kuamkia Julai 6, Saman Kunan, mwanamaji mstaafu aliyejitolea, alifariki akiwa anarudi kutoka kupanga mitungi ya hewa njiani. Mtu mzima, mwenye mafunzo ya kijeshi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba mtoto wa miaka 11 atafundishwa mbizi kwa siku mbili, avushwe akiwa macho.

Ndiyo wakaamua kuwavusha wakiwa wamelala. Daktari Richard Harris, mtaalamu wa nusukaputi kutoka Australia ambaye pia ni mpiga mbizi wa mapangoni, aliitwa pamoja na mwenzake Craig Challen, daktari wa mifugo. Harris mwenyewe mwanzoni aliona haiwezekani. Kumlaza mtoto, kumvalisha barakoa ya uso mzima, kumzamisha chini ya maji kwa saa kadhaa bila mashine wala muuguzi: hakuna kitabu cha tiba kinachofundisha hivyo.

Ilikwenda hivi. Mvulana alipewa kidonge cha kumtuliza, akashuka hadi ukingo wa maji, akakaa mapajani mwa daktari. Sindano ya ketamini mguuni, na nyingine ya atropini ya kukausha mate ili asipaliwe. Akipoteza fahamu, barakoa inafungwa na kukaguliwa mara nyingi, kisha mikono inafungwa nyuma ya mgongo, asije akazinduka katikati ya handaki akaivua. Halafu daktari anakisukuma kichwa chake majini, anangoja aone mapovu. Mapovu yakitoka, anavuta hewa. Anakabidhiwa mpiga mbizi mmoja, anayemshika kama mzigo wenye mpini, mkono mwingine ukiwa kwenye kamba, macho yasione kitu. Njiani dawa ikipungua, mpiga mbizi huyohuyo, asiye daktari, anamchoma nyingine.

Siku ya mwisho mmoja wa wapiga mbizi hao aliiachia kamba kwa bahati mbaya gizani, mkono mwingine ukiwa na mtoto. Alipapasa hadi akakuta waya wa umeme, akaufuata hadi penye hewa, akagundua amerudi nyuma. Hakujaribu kukisia njia. Alikaa pale na mtoto hadi mwenzake alipofika.

Julai 8 walitoka wanne. Julai 9 wanne. Julai 10 wanne wa mwisho pamoja na kocha.

Yote hayo yasingewezekana bila kazi ambayo kamera haikuipenda. Huku mbizi zikiendelea, pampu zilikuwa zinavuta maji usiku na mchana, zaidi ya lita bilioni moja kwa jumla, na watu wengine walikuwa juu mlimani wakitafuta yale mashimo yanayomeza vijito. Wakajenga vizuizi, wakatandaza mabomba, wakayapitisha maji pembeni. Maji yaliyotolewa yalimwagika kwenye mashamba ya mpunga, na wapo wakulima waliokataa fidia. Kwa maoni yangu wale wa mlimani ndio walioelewa kisa kuliko wote: walishughulika na mvua kabla haijawa maji ya pangoni. Na waliponea ukingoni kabisa. Muda mfupi baada ya kocha na wavulana wa mwisho kutoka, pampu kubwa ilizimika, na wafanyakazi waliokuwa bado ndani walikimbia maji yakipanda nyuma yao.

Kuhusu kocha, watu waligawanyika. Wapo waliotaka ashtakiwe, hakushtakiwa. Yeye aliandika barua akiwa bado ndani akiwaomba wazazi radhi, na wazazi walimwandikia asijilaumu. Mimi, kama ningeambiwa nitoe hukumu, ningeandika kosa moja: aliuchukua ukavu wa jana kuwa ndio hali ya leo. Hilo ni kosa la saa sita mchana, la mtu mwenye wavulana 12 wachangamfu nyuma yake. Kuanzia Sam Yaek na kuendelea sijaona kosa jingine. Yeye na wavulana watatu kati ya wale 12 hawakuwa na uraia wa nchi yoyote. Walipewa wa Thailand Agosti mwaka huohuo.

Nina swali moja ninalolibeba sasa kila tunapopanga kutembea pangoni, na marafiki wameshalichoka: maji ya huku yanatoka wapi, na huko yanakotoka mvua imenyesha lini mara ya mwisho? Mara nyingi hakuna anayejua. Mara nyingi tunaishia kukaa mlangoni, tukala, tukapiga picha, tukarudi.

Katika waliozama Tham Luang kuwatafuta vijana wale alikuwamo mwanamaji aitwaye Beirut Pakbara. Wakati wa kazi ile aliambukizwa ugonjwa wa damu. Wavulana walitoka hospitali, pango likafunguliwa tena kwa wageni Novemba 2019, yeye bado akitibiwa. Alifariki mwishoni mwa Desemba mwaka huo, mwaka mmoja na nusu baada ya mvua ya Juni.